Posa imejibiwa, nianze na lipi? Mie niko Unguja, mchumba yuko Wete

Mwana wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Alhamdulillah, barua ilipelekwa Wete na jibu limerudi, tumekubaliwa. Mahari bado haijatajwa, wazee watakaa tena kwa hilo. Ila tangu jibu lirudi kila mtu ana lake. Mama anataka ukumbi mjini, shangazi kashaanza kuchagua kanga za sare, na marafiki wananihimiza nimlipe mpambaji arubuni kabla hajachukuliwa na mwengine. Nimeifikiria Mfungo Mosi ya mwakani, baada tu ya Idd. Ndoa na karamu ya kwanza itakuwa kwao Pemba, watu kama 400 pande zote mbili. Naomba kujua lipi la mwanzo, lipi lisubiri, na karamu ya watu hao inahitaji nini hasa. Mfuko si mkubwa na sitaki kuingia deni.

Bi Kilua

Waalaykum salaam mwanangu, hongera sana. Arubuni usitoe kwa mtu yeyote kwa sasa. Ukumbi, mpambaji na sare vinafuata tarehe na idadi ya watu, na wewe tarehe huna, na hao 400 ni wa kukisia. Ulicho nacho ni kikao kimoja cha wazee kilichobaki, na hicho ndicho kitakachoamua sehemu kubwa ya gharama zako. Kitayarishe.

Mshenga asiende kuuliza mahari peke yake. Aulize ni kiasi gani, kipi kitatolewa siku ya ndoa na kipi kitabaki deni. Mahari ni haki ya binti, kwa hiyo jibu litoke kwake. Wazee wakipanga juu kwa juu, mwenyewe huja kusema lake wakati nyinyi mshamaliza kununua. Halafu aulize vya pembeni: kilemba cha baba na mkaja wa mama, wanavitaka au la, na kama wanavitaka ni nguo au pesa. Aulize begi, yaani sanduku la nguo na vitu vya bibi harusi. Wakitaja dhahabu, itajwe kwa gramu na karati. "Seti ya wastani" kila mtu ana wastani wake, na bei ya dhahabu ya leo si ya miezi sita ijayo.

Kitanda, kabati na dresa nazo zina suali lake: wanataka vipelekwe Wete vionekane kwanza, au vitaingia moja kwa moja kwenye nyumba mtakayokaa Unguja? Kitanda cha mbao kupita baharini mara mbili ni nauli mbili, na pembe zinarudi zimemeguka. Kama wanataka kuona, piga picha dukani, wengi huridhika. Aulize pia fungate itakaliwa wapi na nani ataihudumia. Kisha kila kitu kiandikwe kwenye karatasi mbili, kila upande na yake, maana neno likishapita kwa mashangazi watatu huwa jengine.

Begi ukishajua linatakiwa vipi, nunua kidogo kidogo Darajani na Mchangani badala ya siku moja. Doti za kanga, na kisutu kisikosekane, vitambaa vya kushona, baibui na mitandio, nguo za ndani, viatu, vipodozi anavyotumia yeye mwenyewe, udi na marashi. Vipimo vya kiatu na nguo mpate kwa dada yake. Usikisie.

Na hizo sare za shangazi: pesa zikusanywe kwanza, kanga zinunuliwe baadae, zote kwa mkupuo mmoja na kutoka mzigo mmoja. Ukirudi dukani baada ya mwezi utakuta nakshi ile ile na wekundu mwengine, na ukumbini utaonekana tu.

Kaskazi

Hongera bwana. Kabla hujaizoea hiyo Mfungo Mosi, fungua kalenda. Kwa hesabu, Ramadhani ya 2027 inaanza karibu na tarehe 8 Februari na Idd ni karibu na 9 au 10 Machi, kutegemea mwezi utakavyoandama. Maana yake Mfungo Mosi yako inakwenda mpaka wiki ya kwanza ya Aprili, ndani ya masika. Watu bado wanausifu kuwa ni mwezi wa harusi kwa sababu baina ya 2010 na 2015 uliangukia Julai mpaka mwanzo wa Oktoba, kukavu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana umerudi nyuma hadi kwenye mvua. Karamu ya uwanjani Pemba wakati wa masika ni kukodi turubai la juu, la pembeni, na mbao za kukanyagia matope. Hesabu hizo kwanza.

Njia zilizobaki ni mbili. Shaaban, takriban 10 Januari hadi 7 Februari 2027, ni msimu wa upepo wa kaskazi, mvua za vuli zishapita. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaharakia kabla ya mfungo, hivyo wapishi, wapambaji na kumbi hugombaniwa, na karafuu zikiwa zimezaa vizuri basi vijana wa kubeba viti wako juu ya mikarafuu. Au baada ya Idd el-Hajj, ambayo kwa hesabu ni katikati ya Mei 2027. Subiri Juni, masika yamekwisha na kumepoa, ila upepo wa kusi umeanza na mkondo wa Pemba unachafuka. Wageni watafika wamelewa bahari. Mie ningechukua Januari na kumfunga mpishi mapema.

Tarehe yoyote utakayoshika, msafara usipande boti siku ya ndoa. Ndoa ikiwa Jumamosi alasiri, vukeni Alhamisi. Safari ikiahirishwa kwa upepo bado mna Ijumaa. Angalia boti yenu inatia nanga wapi: ikiwa Mkoani, mna zaidi ya saa nzima ya gari mpaka Wete, na magari lazima yawe yameshazungumzwa, si kuanza kupatana bandarini na wazee wamesimama juani. Tiketi zikatwe kwa majina ya vitambulisho.

Swali lenyewe lakini ni kwa nini uvushe umma mzima. Wapeleke 25 au 30: wazee, mashahidi, mshenga, kina mama watakaompokea bibi harusi. Waliobaki wale kwenye karamu ndogo ya Unguja siku atakapoingia nyumbani. Nauli, magari na malazi ya watu mia unazibakisha mfukoni.

Fundi Sufuria

Nijibu la chakula. Kwa masinia, kilo moja ya mchele hulisha watu wanane. Watu 400 ni kilo 50. Nyama ya pilau weka kilo kwa kilo, yaani 50 yenye mifupa, biriani ifike 60 kwa sababu sosi ndiyo inayotazamwa. Ng'ombe wa kienyeji wa wastani hutoa kilo mia na kidogo, hivyo kama karamu ni hii moja usinunue ng'ombe mzima kwa fahari, labda familia mbili mgawane. Vitunguu vya biriani usivibanie: nusu kilo hadi kilo moja kwa kila kilo ya nyama, maana vinakaangwa vikakauka na ndivyo vinavyoipa sosi uzito.

Usikubali mpishi apike kilo 50 kwenye sufuria mbili. Kila moja isizidi 15 hadi 20. Zaidi ya hapo chini kunaungua na juu mchele una moyo, hata moto uwe mzuri vipi, kwa sababu mvuke haufiki juu sawasawa na kugeuza wali mwingi ni kuuvunja. Sufuria tatu, majiko matatu, na mpishi mmoja mwenye kauli ya mwisho ya chumvi. Wakiwa wawili wenye kauli, chumvi hutiwa mara mbili.

Sinia moja watu watano. Kwa 400 ni masinia 80, lakini hakuna haja ya kukodi yote. Masinia 45 na zamu mbili yanatosha, alimradi kuwe na vijana wanne wa kuosha tu ambao hawahudumii. Karamu nyingi hukwama hapo: wali upo, nyama ipo, masinia yako chini ya mwembe yana mabaki.

Idadi usiihesabu kwa kadi. Kadi moja ya "Bwana na Bibi" Pemba ni watu wanne na watoto. Orodhesha majumba, kila jumba andika watu watakaokuja, kisha ongeza sehemu moja ya kumi. Chakula cha jirani wasiofika, wagonjwa na wazee kitolewe mwanzo kabisa kwenye mabakuli, kisichotwe mwisho.

Halua ya msikitini: gramu 100 kila pakiti, wanaume 300 ni kilo 30. Iagize Wete huko huko, usiibebe kutoka Darajani, utawachekesha. Ipikwe siku mbili tatu kabla, haiharibiki, na mtengezaji asiharakishwe siku ya mwisho akakupa ambayo haijaiva, inayonata meno na kutoa mafuta kwenye mfuko.

Mwana wa Kikwajuni

Ahsanteni mno, Mungu awalipe. Bi Kilua, karatasi mbili nimemwambia mshenga. Kaskazi, Januari nimeipeleka kwa mama, tayari ana hoja zake. Na upande wa ndoa yenyewe na cheti? Baba yake mchumba yuko Muscat, sijui kama atakuja.

Wa Chuoni

Basi la baba ulianze leo. Walii, yaani mwenye haki ya kumuozesha binti, ni baba, na kama hawezi kufika anaweza kumpa wakala mtu amuozeshee. Wakala huo uwekwe wazi mapema, kwa maandishi au kwa mashahidi wanaosikia sauti yake na kumjua, na ataje jina la binti, jina lako na mahari. Kupigiana simu msikitini watu wamekaa, mtandao unakatika, na huku kila mzee ana rai yake, ni jambo la kuepukwa. Baba yupo hai basi ami au kaka hamuozeshi kwa kuwa tu ndiye aliyepo Wete, mpaka awe amewakilishwa.

Makaratasi: anza kwa sheha wa shehia yako na yeye kwa sheha wake, kisha kwa mwozeshaji anayetambuliwa, na umuulize yeye anataka nini kabla hujakusanya picha na nakala bure. Kuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na cheti cha kuzaliwa, vyote viwili. Aliyewahi kuoa au kuolewa alete hati ya talaka au cheti cha kifo, na eda iwe imekwisha. Familia nyingi sasa zinataka na vipimo vya damu, pamoja na siko seli (selimundu). Pimeni mapema, kabla kadi hazijachapwa, ili jibu lolote lizungumzwe kwa utulivu.

Miongozo ya Bara unayoiona kwenye mtandao, ile ya tangazo la siku 21, iache. Hiyo ni Sheria ya Ndoa ya 1971 na haitumiki Zanzibar.

Majina ndiyo yanayosumbua. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, mwozeshaji anaandika Mohd. Siku ya ndoa hakuna anayejali, siku ya kuomba pasi au kumsajili mtoto ndipo mnapoanza kuapa viapo. Soma kila herufi kabla hujatia saini, na usiondoke Pemba bila ya kujua cheti kitachukuliwa wapi na nani atakifuata. Usajili uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na ofisi yao ndiyo ya kuulizwa mambo yakikwama.

Ridhaa ya binti ipatikane kwao kabla hamjaenda msikitini. Na kiasi cha mahari kitakachotamkwa kiwe kile kile cha kwenye karatasi ya Bi Kilua.

Bi Kilua

Umesema vyema sheikh. Mwanangu, upande wa wanawake hukunituma lakini utaulizwa pesa zake, kwa hiyo jua. Somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, atamtia ndani, kwa kawaida siku saba, kwa singo na liwa za kumsugua na kumpaka mwili. Singo ya mawaridi, asumini na mlangilangi iwe na karafuu kidogo tu, ikizidi inawasha ngozi. Hina ya majani ipakwe siku mbili kabla, maana rangi huiva polepole, siku ya kwanza ni chungwa na ya pili ndiyo nzuri. Piko ndiyo ya kuogopwa. Ni dawa ya kutia nywele rangi, na wapo inaowaunguza mpaka malengelenge. Ijaribiwe doa moja nyuma ya sikio, asubiri siku mbili, kukiwa na muwasho basi hina tupu inatosha na hakuna atakayesema kitu.

Asumini na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, viagizwe vya siku ile ile. Vya jana vishageuka rangi. Mpiga picha awe wa kike, na mkubaliane na upande wa pili kama simu zitaingia ukumbini au zitakusanywa mlangoni. Hili liandikwe kwenye kadi, wageni wasijulie pale.

Ukishapata tarehe iliyokubaliwa na pande zote, arubuni ya mpishi kwanza, ya pili turubai na viti. Mpambaji wa tatu. Kila arubuni na risiti yenye tarehe ya shughuli, si tarehe ya malipo peke yake.

Fundi Sufuria

Nimesahau kuni. Ziletwe siku tatu kabla, ziwekwe ndani au chini ya turubai hata kama kuna jua. Kuni mbichi sufuria haichemki, inafuka tu, na moshi unaingia kwenye wali. Ukizileta Ijumaa usiku kwa karamu ya Jumamosi, hata mpishi awe bingwa hatokuokoa.