Mjadala: Kampuni zinazoongoza hubweteka kweli, au tunazisingizia?

Kampuni kubwa ikianguka, hukumu yetu huwa tayari: walibweteka. Mgema kasifiwa, tembo kalitia maji. Na dawa tunayoiandika ni ileile kila mara: waajiri vijana wabunifu, waongeze bajeti ya utafiti. Mimi naipinga hukumu hiyo pamoja na dawa yake, na naomba tubishane kwa hoja.

Chukueni Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu na kamera, inayotajwa kila mjadala huu ukianza. Mwaka 1975 mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kwa hiyo kilichokuja kuimaliza kilizaliwa ndani ya nyumba yake. Wala haikukitupa moja kwa moja: katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamera za dijitali Marekani. Hata hivyo, Januari 2012 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kwa nini? Faida yake haikutoka kwenye kamera. Ilitoka kwenye filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha, vitu ambavyo mteja hurudi kuvinunua tena na tena. Kamera ya dijitali ukishaiuza, basi. Meneja aliyeitetea dijitali alikuwa anatetea faida ndogo mbele ya wenzake walioleta fedha nyingi. Huo si usingizi. Ni hesabu, na ukiitazama mwaka mmoja mmoja ilikuwa hesabu sahihi.

Nimeliona hili kwa macho yangu, japo kwa kiwango kidogo sana. Kampuni niliyokuwa nikifanya kazi ilizindua huduma mpya, tukaisifu sote kikaoni. Wauzaji hawakuiuza. Waliielewa vizuri, ila kamisheni yake ilikuwa nusu ya ile ya huduma ya zamani, na malengo yao ya mwezi yalibaki palepale. Baada ya mwaka ripoti ikaandika kwamba soko halikuwa tayari. Iliniuma, maana wateja wengi hawakuwahi hata kuulizwa.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kuhubiri ubunifu, kampuni ibadilishe jinsi inavyogawa fedha na inavyowapima watu wake. Bidhaa mpya ipewe bajeti ambayo idara ya zamani haina mkono ndani yake, ipewe wauzaji wake, na iruhusiwe kunyang'anya wateja wa bidhaa ya zamani. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa huonekana kama kujikata mguu.

Fujifilm, mshindani wa Kodak kutoka Japani, ilipatwa na msiba uleule wa filamu, tena kwa wakati uleule. Chini ya kiongozi wake, Shigetaka Komori, ilifunga viwanda na kupunguza maelfu ya wafanyakazi, jambo ambalo sitalipamba. Lakini pia ilijiuliza inajua nini zaidi ya kutengeneza filamu. Ilijua kemia: kolajeni (protini inayopatikana pia kwenye ngozi) iliyo ndani ya filamu, na namna ya kuzuia picha isififie. Ujuzi huo ukaipeleka kwenye vipodozi vya ngozi, dawa, na utando wa skrini bapa. Ujuzi ulikuwa uleule. Kilichohama ni fedha.

Kuna hoja dhidi yangu ninayoiheshimu, nayo inatoka Nokia. Ilikuwa ikitumia kwenye utafiti fedha nyingi kuliko Apple, na bado biashara yake ya simu ikaishia mikononi mwa Microsoft mwaka 2014. Watafiti Timo Vuori na Quy Huy walihoji watu 76 wa ndani na wa karibu na kampuni hiyo, wakakuta hofu: mameneja wa kati waliogopa kuwaambia wakubwa kwamba programu yao ilikuwa nyuma. Hapa nakubali. Bajeti uitenge utakavyo, habari mbaya isipofika juu, fedha zitaelekezwa kusikofaa.

Lakini hata ujasiri wa kusikia habari mbaya haurithiwi. Mwaka 1985, Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ikibanwa na washindani wa Japani, Andy Grove alimuuliza kiongozi mwenzake, Gordon Moore: tukifukuzwa, bosi mpya atafanya nini? Moore akajibu kwamba angeitoa kampuni kwenye chipu za kumbukumbu, biashara iliyoanza nayo. Wakaitoa wao wenyewe, na vichakataji, yaani chipu zinazofanya kazi kama ubongo wa kompyuta, vikaitajirisha. Miongo miwili baadaye kampuni hiyohiyo ilikataa kutengeneza chipu ya iPhone, kwa sababu bei ambayo Apple ilikuwa tayari kulipa haikuonekana kuleta faida. Hesabu ya Kodak, mara ya pili.

Sasa nyinyi mnaosema tatizo ni uvivu na kiburi: katika kampuni mnayoifahamu, nani ana mamlaka ya kuidhinisha bidhaa itakayopunguza mauzo ya ile inayolipa mishahara leo? Na akiidhinisha, bonasi yake ya mwaka huu inakuwaje?