Naomba ushauri: magurudumu ya nyuma ya kichwa cha treni cha 2-8-4 niyafungeje?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala, niko Dodoma. Babu yangu ni Mnyaturu wa Singida, na ninamchongea kwa mninga kichwa cha treni ya mvuke namba 3020, kile kilichopewa jina la "Nyaturu". Kilitengenezwa na North British ya Glasgow kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, na sasa kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Mpangilio wake ni 2-8-4: magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta, manne nyuma. Hayo manne ndiyo yananinyima usingizi. Vichwa vingi vya mvuke nyuma vina mawili tu, au hakuna kabisa. Hapa ekseli mbili zinagawana uzito wa tanuri, reli nyepesi isilemewe.

Reli yangu ya mbao ina kona kali. Nikiyakaza, yanapanda juu ya reli. Nikiyaachia kwenye pini moja, yanayumba hata njia ikinyooka. Pini niiweke katikati ya ekseli hizo mbili, au mbele yake? Na springi ya kuyarudisha katikati, ile ya kalamu itatosha? Kama kuna mstaafu wa karakana ya reli humu, tafadhali sana anielekeze.