Kuwatembeza wageni mitaani na kuwaonjesha vyakula vya Mji Mkongwe: kuwekewe masharti au kuachwe?

Mkaazi wa Kiponda (mwenye mada)

Assalamu alaykum. Naleta suala ambalo kwetu Mji Mkongwe wa Unguja limeshakuwa la kila asubuhi: hizi ziara za miguu za kuwapitisha wageni vichochoroni na kuwaonjesha vyakula vyetu. Msimamo wangu nautoa mapema. Ziwekewe masharti, na la kwanza liwe malipo ya haki kwa anayepika.

Mama yangu anapika vitumbua kwenye daka la nyumba yetu. Mchele anauroweka usiku, anausaga na tui na hiliki, anautia hamira, na alfajiri unga umeshaumuka. Chuma chake kina mashimo saba. Kila shimo anatia mafuta kidogo, anamimina, anasubiri ukingo ushike, kisha anageuza kwa kijiti cha chuma. Wateja wake ni watoto wa skuli, wachukuzi wa soko la Darajani na majirani wanaotuma mtoto na bakuli. Kimoja shilingi mia tatu.

Wiki iliyopita nilikuwepo likizo nikamsaidia. Kabla ya saa moja likaja kundi la wageni kumi na nne na mtembezaji wao. Walijaza kichochoro ukuta kwa ukuta. Kijana akanunua vitumbua vitatu, akaomba kisu, akavikata vipande, kila mgeni akachukua chake kwa ncha za vidole. Kisha akaanza kueleza: Waarabu, Wahindi, karafuu, nazi. Maelezo yalikuwa mazuri, sitomsingizia. Lakini yalichukua dakika kama ishirini, na muda wote huo watoto wa skuli walisimama nyuma ya kundi na pesa zao mkononi hawana pa kupita. Wengine wakaondoka. Simu tatu zilikuwa usoni kwa mama yangu, na mkono mmoja anaushikia mtandio, wa pili anageuza vitumbua. Unga ukishaumuka haungoji mtu. Wa mwisho siku ile ulizidi kuumuka ukawa mchachu, akaumwaga.

Alilipwa shilingi mia tisa. Kijana aliniambia mwenyewe kwamba kila mgeni ametoa dola thelathini.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni laki saba, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 hatufiki milioni mbili. Mji Mkongwe unauvuka kwa miguu kabla nusu saa haijaisha. Tangu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 tunaambiwa tuchunge milango, kuta na baraza, na ni sawa. Nauliza anachungwa vipi yule anayeishi nyuma ya mlango.

Mtembeza Wageni

Waalaykumu salaam dada. Kazi hiyo ndiyo yangu, huu mwaka wa tisa, kibali ninacho na kitambulisho navaa. Kwanza mfikishie Bi Mkubwa pole yangu. Kundi la kumi na nne kwenye kichochoro cha Kiponda ni kosa na sitolitetea.

Lakini hizo dola thelathini zifuate mpaka zinapofikia. Mtandao ulioiuza ziara unakata chake. Hoteli iliyompeleka mgeni inakata chake. Kampuni inabaki na sehemu kubwa. Mimi nalipwa kwa ziara, si kwa kichwa, wawe wanne au kumi na nne. Ndani ya malipo hayo napewa fungu la chakula, na likizidi natoa mfukoni. Kijana aliyenunua vitatu huenda fungu lake lilikuwa la vitatu.

Kuhusu kukata vipande, nieleweke. Ziara ya asubuhi ina vituo sita au saba: chai na vitumbua, soko la Darajani, mkate wa ufuta, urojo, juisi ya miwa, halua, kahawa. Mgeni akila kitumbua kizima kituo cha kwanza, na sambusa nzima cha pili, cha tatu hali tena. Yule wa cha saba anakosa kabisa. Tunakata ili kila mmoja apate.

Na jengine. Wageni wengi wanatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Nungwi au Paje huko pwani, kwenye hoteli walizokwisha kuzilipia kila kitu kabla hawajapanda ndege. Mgeni wa namna hiyo anaweza kukaa siku saba na shilingi yake moja isifike Darajani. Anayemleta mtaani akaijua Kiponda ni mimi. Mkiweka masharti magumu, wenye vibali tutakaa nyumbani na kazi itabaki kwa mapapasi, wale wanaowavizia wageni mitaani bila ya kibali.

Muuza Urojo

Nimeyasoma ya wote wawili. Mimi sheria sitaki. Waliponijia mara ya kwanza wakitaka bakuli moja na vijiko sita, nilikataa palepale. Nikawaambia urojo wangu una kiazi, bhajia, kachori na mshikaki, juu natia chatne ya nazi na chipsi za muhogo; ukigawanywa mmoja anapata kiazi, mwengine anapata rojo tupu, kisha anakwenda kusema urojo wa Unguja hauna kitu. Kila mtu bakuli lake, nitampakulia dogo kwa nusu bei. Wakakubali. Sasa wageni wanane ni mabakuli manane, saa tano mchana, wakati ambao zamani nilikuwa nafukuza nzi.

Mwenye biashara aseme mwenyewe. Tukiwaachia maofisi, kesho na sisi tutatakiwa kibali cha kumuuzia mgeni.

Mkaazi wa Kiponda

Dada yangu, umesema kweli na nakupongeza. Ila wewe una meza sokoni. Mama yangu yuko mlangoni kwake. Mtu akisimama mlangoni kwako asubuhi na kukuamkia, katika malezi aliyopata mama, huyo ni mgeni wako, na mgeni haambiwi hapana. Siku ile alimkaribisha mmoja wao akae kwenye baraza, akampa na maji. Nilipomuuliza jioni kwa nini hakuwakataza kupiga picha, alinijibu: "Wamekuja kwangu, ningewafukuzaje?" Ndiyo maana nasema sheria. Nataka awepo mwengine wa kusema hapana kwa niaba yake, yeye abaki na ukarimu wake.

Mzee wa Malindi

Wanangu, naingia kwa upande wa maneno wanayoambiwa hao wageni, maana chakula mmeshakisema.

Nakaa barazani hapa Malindi ya Unguja kila alasiri na masikio yangu bado mazima. Nimesikia mara nyingi kwamba misumari ya shaba kwenye milango yetu iliwekwa kuzuia ndovu. Mtindo wa mlango ule umetoka Bara Hindi, na hapa kwetu misumari ilikuwa pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba. Hapakuwa na ndovu wa kuzuiwa. Ni uongo mdogo, lakini mgeni anaondoka nao, na watoto wetu waliosimama pembeni wanaushika.

Uongo mkubwa unaniuma zaidi. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa mahali pale. Wageni wanateremshwa vyumba vya chini katika jengo la jirani na kuambiwa humu ndimo watumwa walimofungwa. Wapo wanahistoria wanaoeleza kwamba jengo lile ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa. Hilo nalo wageni waambiwe. Watu waliuzwa pale, familia zilitenganishwa pale, na hilo halina ubishi. Kulitilia nyongeza ni kuwakosea waliouzwa. Sharti langu mimi ni moja: anayepewa kibali asomeshwe historia na wanaoijua, na apimwe upya kila baada ya miaka michache.

Halafu baraza. Baraza ni mahali pa kupokea watu bila ya kuwaingiza ndani kwenye faragha ya nyumba. Mgeni akikaa, karibu. Lakini akinyoosha kamera kupitia mlango ulio wazi, ameshaingia ndani bila hodi.

Mtembeza Wageni

Shikamoo mzee. Habari ya ndovu nimeisema na mimi, nakiri mbele yako, kwa sababu niliyemfuata wakati najifunza aliisema. Nitaiacha. Ya vyumba vya Mkunazini sisi tunaeleza tulivyosomeshwa. Kama wasomi wanabishana, nitawaambia wageni kwamba wanabishana. Sidhani kama nitapoteza mteja kwa hilo.

Mzanzibari Uholanzi

Nawaandikia kutoka Utrecht, ila nafanya kazi Amsterdam, na huko haya wameyapitia. Tangu 2020 kundi la kutembezwa katikati ya mji lisizidi watu kumi na tano, mtembezaji awe na kibali, na ni marufuku kupitisha wageni kwenye mtaa wa madirisha wanamokaa wanawake wanaouza miili yao, kwa hoja kwamba binadamu si kitu cha kuzungukwa na kutazamwa. Barcelona walianza mapema zaidi, 2015, pale soko la Boqueria lilipozuia makundi makubwa kuingia siku za Ijumaa na Jumamosi asubuhi, ili wenyeji wapate kununua samaki wao.

Yanasaidia, lakini msiyategemee peke yake. Ninachokiona nikitoka kazini ni kwamba kundi la thelathini limekuwa makundi mawili ya kumi na tano yanayofuatana. Mkihesabu vichwa tu, mtapata misururu midogo mingi. Hesabuni na saa, na nani alipwe. Mimi naunga mkono wazo la mwenye mada, kwa sharti kwamba saa za wenyeji ziheshimiwe: kabla ya skuli kufunguliwa, na wakati wa sala ya Ijumaa.

Kijana wa Mvita

Niko Mombasa, Mji wa Kale. Kwetu ziara ni hizo hizo: Fort Jesus, kisha vichochoroni, mahamri na mbaazi, kahawa tungu jioni. Naongeza moja tu. Bei. Mgeni akishazoea kulipa mara mbili, muuzaji naye huzoea. Nyanyangu ameacha kununua viazi karai pale karibu na kwetu, aenda mbali kwa sababu bei ni ya wageni. Mukiandika masharti, andikeni na hilo: mwenyeji asifukuzwe na bei kwenye mtaa wake.

Muuza Urojo

Hilo la bei ni kweli, hata Forodhani kwenye vyakula vya usiku. Usiku wa mkesha wa Idi nilimpeleka mwanangu, na kabla sijafungua mdomo nikatajiwa bei kwa Kiingereza.

Mkaazi wa Kiponda

Nimesoma yote, na jambo moja nimebadilisha. Nilikuja nikitaka kila mgeni alipie kitumbua kizima. Kwa maelezo ya ndugu yetu mtembezaji naona haitowezekana, vituo saba ni vingi. Basi napendekeza hivi: alipie chuma kizima. Mashimo saba, vitumbua saba, shilingi elfu mbili na mia moja, akate vipande vingapi atakavyo. Kampuni inayokusanya dola thelathini kwa kichwa haitofilisika kwa elfu mbili na mia moja. Muuzaji aulizwe jana yake, ili aongeze mchele wa kuroweka. Kundi lisizidi wanane vichochoroni. Maelezo marefu yatolewe kwenye uwanja ulio wazi, watu wakishatoka kichochoroni, na anayepika apigwe picha akikubali mwenyewe.

Haya yanaweza kuanzia kwa sheha, yaani mkuu wa mtaa, na wazee wake, kisha ndiyo yapelekwe Kamisheni ya Utalii na Mamlaka ya Mji Mkongwe yaingizwe kwenye masharti ya kibali. Dada wa urojo, najua hupendi maofisi. Lakini sharti likiwa kwenye kibali, atakayebanwa ni mtembezaji na kampuni yake. Wewe na mama hamtojaza fomu yoyote.

Muuza Urojo

Likiwa kwa mtembezaji, sina neno. Meza yangu tu isiguswe.

Mtembeza Wageni

Wanane naweza. Chuma kizima naweza, nitaiambia kampuni na wakikataa nitalitoa kwenye bakhshishi mpaka waelewe. Dada, keshokutwa nina wageni saba, Wafaransa. Bi Mkubwa anaweza kunipokea, na nije saa ngapi?

Mkaazi wa Kiponda

Nimemuuliza sasa hivi. Anasema njoo saa mbili kasorobo, watoto wa skuli wakishapita. Ataroweka kibaba cha ziada. Na anasema waje na njaa.