Picha za futari: mbona mara zinanitia njaa, mara zinanikinaisha?

BintiPwani: Asalaam aleikum. Niko Mombasa. Alasiri nikingojea adhana, simu iko mkononi: viazi karai vinageuzwa mafutani, kuku wa nazi anachemka, mkate wa sinia unakatwa. Nikiinuka naingia jikoni na kupika kama nina harusi, na sisi nyumbani ni wanne. Mbaazi zinalala. Ila kuna siku naangalia kaimati tu, video moja baada ya nyingine, na magharibi ikifika nala mbili tatu, basi. Nimekinai kabla sijaonja. Nyinyi pia?

MlaTende: Waaleikum salaam dada. Yote mawili yamechunguzwa. Mwaka 2010, Carey Morewedge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwataka watu wawaze wanakula peremende za M&M's, moja moja. Waliowaza kula 30 walikula chache baadaye kuliko waliowaza 3. Lakini lazima uwaze unakula. Waliowaza wanazitia bakulini tu, hamu haikupungua. Tena kuwaza peremende hakukupunguza ulaji wa jibini. Huko Denmark, Chuo Kikuu cha Aarhus, walioonyeshwa picha ileile mara 30 nao walichagua kiasi kidogo kuliko walioiona mara 3.

Mama_Tanga: Na hiyo njaa ya siku nyingine, mwanangu, ni mwili wenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Munich, waliwaonyesha vijana wa kiume picha za vyakula, homoni ya njaa, ghrelini, ikapanda damuni. Sasa simu haikuachi na kaimati zako. Inakupa moja, inaleta biriani, inaleta keki. Utakinai saa ngapi?

BintiPwani: Shukran sana mama, na wewe kaka. Hapo kwenye bakuli ndipo nimepapata. Mimi nikitazama siwazi kula hata kidogo! Nawaza unga, hamira, mafuta yameshika moto au bado. Kaimati pekee ndizo nazila kwa macho, shira mpaka vidoleni, maana ndizo nizipendazo. Kuanzia leo futari naipanga baada ya daku, tumbo likiwa limejaa, naiandika karatasini. Nikienda Marikiti nanunua kilichoandikwa tu.

Mama_Tanga: Na mbaazi loweka kikombe kimoja. Wanne mnatosheka.