MJADALA: Tiba ya mazungumzo kwa mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuhisi unaandamwa), au dawa kwanza?

Wa Isevya, Tabora
Juzi kikaoni mtu kasimama anataka wagonjwa wetu wa akili waletewe washauri nasaha, eti utafiti umeshathibitisha. Upi? Mwaka 2014 mtafiti Jauhar na wenzake walijumlisha majaribio ya tiba ya mazungumzo iitwayo CBT, inayomsaidia mgonjwa kupima upya mawazo yake. Nafuu ya jumla ikatoka 0.33, kwa kipimo ambacho sifuri ni hakuna tofauti na wasiopata tiba hiyo. Walipobakiza yale ambayo mpimaji hakujua nani kapata tiba na nani hakupata, ikashuka hadi 0.15. Kwa sauti na hofu za kuandamwa, 0.08. Watafiti wenyewe 0.2 huiita ndogo!

Mimi ninachokijua ni kaka yangu. Sindano ya mwezi ikikosekana, haipiti muda anaziba masikio kwa pamba, anakaa chini ya mwembe akijibizana na mtu tusiyemwona.

Mama Ujiji
Pole sana kaka yangu. Ila unagombanisha vitu visivyogombana. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unataka mazungumzo yaende pamoja na dawa, vikao visivyopungua 16. Na mtafiti Morrison, 2014 hiyohiyo, aliijaribu tiba hiyo kwa watu 74 wasiotumia dawa, wapimaji hawakujua makundi, na nafuu ikaonekana.

Wa Isevya, Tabora
Watu 74 dada, hata basi mbili hawajazi. Na mpimaji hakujua, sawa, mgonjwa je? Alijua fika. Kundi la pili lilibaki na huduma ya kawaida, halikupewa mtu wa kukaa nalo saa nzima kila wiki. Utajuaje kilichosaidia ni tiba au ni kutembelewa tu? Halafu vikao 16, nauli ya nani?

Muuguzi mstaafu
Mmesahau mazungumzo na familia nzima. Hayo majaribio yake yanaonyesha hupunguza ugonjwa kurudi, na hayahitaji kumtoa mtu nyumbani kwake. Mimi fedha ningeanzia hapo, nikishahakikisha stoo ina dawa.

Mama Ujiji
Naafiki. Mdogo wangu sauti hazijamwisha, na kwenye hesabu zenu ataandikwa hajapona. Zamani zikimwambia chakula kina sumu alilala njaa. Siku hizi anaosha dagaa mwenyewe, anapika, ananiambia "wanasema tena", anakula.

Wa Isevya, Tabora
Na dawa anameza?

Mama Ujiji
Anameza. Nikikaa naye.