Majirani wa Mikoroshini: fukuto la kaskazi na wanyama wetu

Mama Salma, saa 12:40 asubuhi
Assalamu alaykum majirani, na habari za asubuhi kwenu nyote. Nawashukuru waliokimbilia kwetu jana mchana. Kwa wale ambao hawakuwapo, mbwa wetu Simba alianguka saa nane, kule uchochoroni nyuma ya nyumba alikokuwa amefungwa mnyororo. Tulipomfunga asubuhi palikuwa na kivuli kizuri cha ukuta, lakini jua lilipogeuka kivuli kilihamia upande wa pili, na mnyororo haukumruhusu kukifuata. Sufuria yake ya maji alikuwa ameshaipindua kwa mnyororo huohuo. Nilimkuta ulimi umemtoka wote, mate mazito kama uji yanamchuruzika, na ufizi umeiva wekundu.

Baba Neema, saa 12:52
Pole sana, Mama Salma. Ninachoshangaa ni kwamba jana jua halikuwa kali kama juzi, kwani mawingu yalitanda tangu adhuhuri. Mimi nilidhani kinachowadhuru wanyama ni jua.

Mzee Kombo, saa 1:15
Hapo umegusa penyewe, Baba Neema. Katika miaka yangu ya kazi ya mifugo, kosa hilo nililikuta kila mahali. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, nazo hazimfai sana. Anapoa hasa kwa kutweta, yaani unyevu wa ulimini na kinywani unageuka mvuke na kuondoka na joto. Sasa huku pwani, msimu huu wa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa yenyewe imeshiba maji kiasi kwamba shuka uliyoianika ndani jioni unaikuta mbichi asubuhi. Basi na mate ya mbwa hayakauki vilevile, anatweta kutwa nzima bila kupoa, na kule kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli inayomwongezea joto. Ndiyo maana siku ya mawingu na fukuto yaweza kumwangusha mbwa aliyevumilia siku ya jua lenye upepo. Joto lake la kawaida huwa kati ya nyuzi 38 na 39, na likifika 41 viungo vya ndani viko hatarini.

Rehema, saa 1:21
Shikamoo Mzee Kombo. Jana mimi nilishauri apewe nusu kidonge cha parasetamoli, wakubwa wakanikatalia. Je, nilikosea?

Mzee Kombo, saa 1:34
Marahaba, mwanangu. Kwa nia hukukosea, kwa dawa ulikosea. Hii si homa hata ishushwe kwa kidonge; ni joto la nje lililomlemea. Paka ndiyo usimpe kabisa, kwa sababu kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumuua. Kinachotakiwa ni maji ya bomba, mengi, yamwagwe tumboni, kinenani na makwapani, huku mtu mwingine akimpepea. Taulo bichi lisiachwe mgongoni, kwani baada ya muda mfupi linageuka blanketi. Aliyelegea asinyweshwe kwa nguvu, maji yasije yakamwingia mapafuni. Mpozeni kwanza pale pale, ndipo mtafute bajaji ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, hata kama ameshainuka na kutikisa mkia, maana figo zaweza kushindwa siku moja au mbili baadaye.

Mama Salma, saa 1:40
Tulimmwagia ndoo saba, na feni ya sebuleni tukaitoa hadi kibarazani, mama mkwe akiuliza kama na yeye aanguke ndipo aletewe feni. Daktari alimwekea dripu, na leo jioni tutamrudisha akamwangalie tena.

Kassim, saa 2:05
Wazee wangu, mimi nina sungura sita, na banda lao nimeliezeka kwa bati tupu. Mchana wanalala wamejinyoosha na masikio yao yana moto. Nifanye nini leo hii kabla ya saa sita?

Mzee Kombo, saa 2:11
Kassim, hao wako hatarini kuliko mbwa. Sungura hatoki jasho wala hawezi kutweta vizuri. Joto lake hulitolea masikioni, na hewa inapozidi nyuzi 30 anaanza kuelemewa. Tandaza makuti juu ya bati, uyaloweshe, na uache upande unaopokea upepo wa bahari uwe wavu mtupu. Gandisha maji kwenye chupa za plastiki, uzifunge kitambaa, umwekee kila mmoja ya kuegemea. Paka, kwa upande mwingine, anajua kujitafutia sakafu baridi. Lakini ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, usingoje.

Bi Mwanaisha, saa 2:30
Paka wangu wawili wamehamia chooni tangu Januari, na wageni wanaombwa kubisha hodi. Mimi sifugi mbwa, ila nimeanza kuweka beseni la maji nje ya geti kwa ajili ya hawa wa mtaani. Mjukuu wangu aliniuliza kama inafaa, nikamkumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake.

Baba Neema, saa 2:38
Nami huwa namtembeza wangu saa nne nikitoka sokoni. Jana saa hiyo niliweka mgongo wa mkono kwenye lami, nikahesabu hadi tatu nikautoa. Kuanzia kesho tutatoka baada ya alfajiri.

Kassim, saa 4:50
Makuti nimepata, na yaliyobaki yanatosha banda la Simba. Nayaleta sasa hivi, Mama Salma.

Mama Salma, saa 4:56
Karibu, mwanangu. Mnyororo nimeutundika ukutani, naye amelala chini ya mkorosho na ameshamaliza bakuli la pili. Tafadhali kila anayeingia kwetu afunge geti.