Wasafishaji wa makochi na zulia wanakuja Jumamosi: niandae nini nyumbani?

mama_wawili:
Habari zenu wakuu. Jumamosi asubuhi wanakuja watu wa kusafisha makochi na zulia, wanafanyia kazi hapa hapa nyumbani. Nipo Tabata, ghorofa ya pili. Seti ni ya watu saba, ya kitambaa, na zulia la sebuleni ni futi 5 kwa 8. Kochi kubwa lina doa la chai, na mtoto amelikojolea upande mmoja. Maji ya bomba hayana uhakika. Niandae nini? Na je, nianze kuyasugua hayo madoa kwa Jik?

fundi_makochi:
Dada, Jik usiiguse kabisa. Ile ni klorini: inakula rangi ya kitambaa, na zulia likiwa la sufu inaharibu nyuzi zenyewe. Hapo huna doa tena, una kitambaa kilichobabuka, na hakuna fundi wa kukirudisha. Sabuni ya unga pia iache. Ikibaki kwenye kitambaa inanata na kuvuta vumbi, na siku ya kazi povu linakuwa jingi mpaka mashine inashindwa kunyonya vizuri.

Kazi yako ni kuonyesha kila doa na kusema ni la nini na la lini. Chai, damu, mafuta na mkojo kila kimoja kina dawa yake. Damu, kwa mfano, ni maji baridi tu, ya moto yanaigandisha.

Foronya za mito usizivue kwenda kuzifua. Zipu ipo kwa ajili ya kuvalisha sponji. Ukifua, kitambaa kinaweza kusinyaa kikagoma kurudi. Kagua tu mifereji ya kochi utoe sarafu, pini na vijiti vya meno, maana vinachana kitambaa na kuziba mpira wa mashine.

Na kabla ya yote, tafuta lebo chini ya mto. Ina herufi gani?

umeme_na_maji:
Niongezee kidogo. Weka akiba ya maji ndoo sita za lita 20, pamoja na sehemu ya kumwaga maji machafu, chooni ndiyo salama. LUKU (umeme wa kulipia kabla) isiwe inakaribia kuisha: mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa 3 mfululizo inakula yuniti 4.5, na bado kuna feni za kukaushia. Yuniti 10 zinatosha.

Ekstensheni za waya mwembamba ziweke mbali, zinapata moto hadi kuyeyuka. Kama ni ya kuviringisha, waya wote ufunguliwe hata kama soketi ipo karibu.

mama_wawili:
Asanteni sana. Nimeiona lebo, imeandikwa S. Maana yake nini? Na vitakauka lini? Jumapili nina wageni.

fundi_makochi:
Wapigie leo hii, usisubiri Jumamosi. W ni dawa za maji, S ni dawa kavu tu (zisizo na maji), WS ni zote mbili, X ni kuvuta vumbi peke yake. Kochi la S likilowana linaweza kubaki na michirizi au kusinyaa. Waulize kama wana dawa kavu. Wakikujibu "zote ni sawa tu", tafuta wengine. Siku hiyo madirisha yawe wazi na jiko lisiwashwe, maana nyingi ya dawa hizo zinashika moto.

Tatizo lako kubwa ni mkojo. Dawa kavu inaondoa mafuta, mkojo haiuwezi vizuri, na mara nyingi unakuwa umeshazama kwenye sponji. Huo mto mmoja huenda ukahitaji sponji mpya na kitambaa kipya. Bora ujue mapema kuliko kulipa halafu harufu irudi.

umeme_na_maji:
Zulia ndilo litakaloloweshwa. Likinyonywa vizuri, saa 6 hadi 12 linakauka, masika huchukua zaidi. Feni ipulize sambamba na sakafu, na zulia liinuliwe ili hewa ipite chini. Likikaa bichi kupita siku moja au mbili, ukungu unaanza na uvundo haukuachi.

Meza usiirudishe juu yake kabla halijakauka. Miguu ya chuma inaacha kutu, ya mbao inaacha rangi ya vanishi. Ikibidi, weka vipande vya plastiki chini ya kila mguu.

Doa likijitokeza tena kesho yake, mara nyingi ni uchafu wa chini uliopanda na maji yalipokuwa yanakauka, kwa sababu zulia lililoweshwa mno. Kubaliana nao kabla hawajaanza kwamba hapo watarudi kulipitia bila malipo mengine, na piga picha madoa yote kabla ya kazi.